Baba Yako Alizaliwa Wapi?

Katika Katiba ya Australia, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1901, kimo kifungu cha 44, ambacho kwa miaka mingi kilikaa kama panga lililotundikwa ukutani: kila mtu alijua kwamba lipo, lakini wachache walidhani kuwa litashuka. Kifungu hicho chasema, kwa maana yake, kwamba mtu aliye na utii kwa dola ya kigeni, au aliye raia wa dola ya kigeni, au anayestahili haki za raia wa dola hiyo, hawezi kuchaguliwa wala kukaa katika Bunge. Kati ya Julai 2017 na Mei 2018 panga hilo lilishuka. Wabunge 15 walipoteza viti vyao, wengine kwa hukumu ya mahakama na wengine kwa kujiuzulu. Walikuwamo wa serikali na wa upinzani, wa vyama vikubwa na vidogo, wa Baraza la Wawakilishi na wa Seneti. Mmoja wao alikuwa Naibu Waziri Mkuu wa nchi.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyeonekana kuwa jasusi. Hakuna aliyepokea fedha ya nchi ya nje ili aiuze nchi yake. Baadhi yao walizaliwa Australia, wakasoma Australia, na hawakuwahi kuomba uraia mwingine wowote. Kosa lao, kama ni kosa, lilikuwa kwamba baba au mama alizaliwa ng'ambo, au wao wenyewe walizaliwa ng'ambo na kubebwa mgongoni kuletwa nyumbani.

Nimeona vema kuieleza habari hii kwa kirefu kwa sababu katika nchi zetu tunabishana sana juu ya uraia wa nchi mbili, ambao siku hizi huitwa uraia pacha, na wengi wetu tunabishana kwa hasira kabla ya kutazama yaliyowapata wenzetu. Mwalimu aliyefundisha Elimu ya Siasa, na baadaye somo la Uraia, hujifunza jambo moja: wanafunzi huelewa sheria pale wanapoonyeshwa mtu ambaye sheria hiyo imemwangukia.

Tuanze na chimbuko la kifungu chenyewe. Waliokiandika walikuwa watu wa makoloni sita ya Kiingereza yaliyokuwa yakiungana kuwa nchi moja. Wakati ule hapakuwa na mtu aitwaye raia wa Australia. Wote walikuwa raia wa himaya ya Malkia Victoria, naye alifariki mwezi ule ule ambao Katiba ilianza kutumika. Mtu aliyezaliwa Glasgow au London aliweza kushuka melini Sydney na baada ya muda akagombea ubunge, wala hakuna aliyemwita mgeni. Mgeni alikuwa Mjerumani, Mfaransa, Mrusi au Mmarekani. Hofu ya waandishi wa Katiba ilikuwa ya kawaida na yenye busara: mshika mawili, moja humponyoka. Vita ikitokea, mbunge mwenye mfalme wawili atamtii nani?

Hata hivyo, tangu mwanzo maisha ya watu yalikuwa mapana kuliko maneno ya sheria. Mwaka 1904 Australia ilipata Waziri Mkuu wake wa tatu, Chris Watson, aliyeongoza serikali ya kwanza ya chama cha wafanyakazi katika taifa lolote duniani. Watson alizaliwa mwaka 1867 katika mji wa Valparaíso, nchini Chile. Baba yake mzazi alikuwa mtu wa Chile mwenye asili ya Kijerumani. Jina la Watson alilipata kwa baba wa kambo, na malezi aliyapata New Zealand. Wakati wake hakuna aliyemuuliza. Wanahistoria waliochunguza habari zake baadaye wameona kwamba, kama asili yake ingejulikana, kiti chake kingekuwa mashakani sana. Basi yule aliyekuwa wa kwanza kulitetea kundi la wafanyakazi kutoka kiti cha Waziri Mkuu pengine hakustahili hata kuingia mlangoni. Je, Australia ilipata hasara gani kwa kutomuuliza? Siioni.

Miaka ikapita. Uraia wa Australia kama uraia wa peke yake ulianza tarehe 26 Januari 1949. Baada ya Vita Kuu ya Pili nchi ile ilifungua milango, na watu wakaingia kwa malaki kutoka Italia, Ugiriki, Uholanzi, Malta na kwingineko. Baadaye wakaja watu wa Asia. Mwaka 2002 sheria ilibadilishwa hata mtu wa Australia akaruhusiwa kuchukua uraia wa nchi nyingine bila kupoteza wake. Sensa ya mwaka 2016 ilionyesha kwamba watu 49 katika kila 100 walizaliwa ng'ambo au walikuwa na mzazi mmoja angalau aliyezaliwa ng'ambo. Nchi ilikuwa imebadilika, lakini kifungu cha 44 kilibaki vile vile, neno kwa neno.

Kesi iliyoweka msingi wa mambo haya ilihusu mwalimu, na kwa hiyo naomba msomaji aniruhusu niikalie kidogo. Mwaka 1992, Bob Hawke, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliachia kiti chake cha Wills katika jiji la Melbourne. Katika uchaguzi mdogo wa tarehe 11 Aprili, mgombea binafsi aitwaye Phil Cleary alishinda. Cleary alikuwa mwalimu wa sekondari, mtumishi wa serikali ya jimbo la Victoria, naye alikuwa katika likizo isiyo na malipo. Kifungu kile kile cha 44, katika sehemu yake nyingine, kinamkataza mtu mwenye kazi ya malipo ya serikali. Mahakama Kuu ya Australia, ambayo ndiyo mahakama ya mwisho nchini humo, iliamua Novemba 1992 kwamba mwalimu aliye likizoni bado ni mwalimu wa serikali, hata kama halipwi senti. Uchaguzi ukabatilishwa.

Lakini mahakama haikuishia hapo. Iliwatazama pia wagombea wawili walioshindwa. Mmoja alizaliwa Uswisi, akaingia Australia mwaka 1951 na kupata uraia mwaka 1960. Wa pili alizaliwa Ugiriki, akaingia mwaka 1969 na kupata uraia mwaka 1975. Wote wawili walikuwa wamekula kiapo cha Australia na kukana utii mwingine wote. Majaji walio wengi wakasema kiapo hicho peke yake hakitoshi: ilimpasa kila mmoja achukue hatua zinazofaa, kwa mujibu wa sheria ya nchi alikotoka, ili uraia wa kwanza ufutwe huko. Majaji wawili, Deane na Gaudron, hawakukubaliana na wenzao katika jambo hilo. Kwa upande wa Cleary, aliacha kazi ya ualimu, akagombea tena katika uchaguzi mkuu wa Machi 1993, na wananchi wa Wills wakamrudisha.

Mwaka 1999 hatua ya pili ikafuata. Heather Hill, aliyezaliwa Uingereza, alikuwa amechaguliwa kuwa seneta wa jimbo la Queensland mwaka uliotangulia. Swali lilikuwa: je, Uingereza ni dola ya kigeni? Malkia alikuwa yule yule, picha yake ilikuwa katika fedha za nchi zote mbili, na waandishi wa Katiba wangecheka kusikia swali hilo. Mahakama ilijibu kwamba ndiyo, Uingereza imekuwa dola ya kigeni, kwa sababu Australia imekwisha kuwa nchi huru kamili yenye taji lake. Kwa jibu hilo sahihi, mamilioni ya watu waliokuwa na baba, mama au babu wa Kiingereza walijikuta upande wa pili wa mstari bila ya wao kusogea hata hatua moja. Ni mstari uliosogea.

Sasa tufike Julai 2017. Tarehe 14 ya mwezi huo seneta Scott Ludlam alijiuzulu. Alizaliwa Palmerston North, New Zealand, akaondoka huko akiwa na umri wa miaka mitatu; alipopata uraia wa Australia akiwa kijana alidhani ule wa kwanza umekwisha. Siku nne baadaye akajiuzulu mwenzake wa chama kimoja, Larissa Waters. Yeye alizaliwa Winnipeg, Kanada, mwezi wa Februari 1977, wazazi wake wa Australia wakiwa huko kwa muda tu, akarudishwa nyumbani kabla hajatimiza mwaka mmoja. Juma moja baada ya kuzaliwa kwake sheria mpya ya uraia ilianza kutumika Kanada. Chini ya sheria ya zamani alihesabiwa kuwa raia, naye hakujua kwa miaka 40.

Kisha ikawa zamu ya wakubwa. Barnaby Joyce, Naibu Waziri Mkuu, alizaliwa Tamworth, mji wa mashambani katika jimbo la New South Wales. Alikuwa mtu wa mashamba, na katika maneno na mwenendo wake hapakuwa na jambo lililonuka ugeni. Lakini baba yake alizaliwa New Zealand, na kwa sheria ya huko mtoto wa baba yule alikuwa raia. Fiona Nash, waziri na seneta, baba yake alizaliwa Scotland. Malcolm Roberts alizaliwa India kwa baba wa Wales. Matthew Canavan alikuwa na asili ya Italia kwa upande wa mama. Nick Xenophon, baba yake alitoka Cyprus wakati kisiwa hicho kikiwa koloni la Uingereza.

Tarehe 27 Oktoba 2017 majaji saba walitoa hukumu moja, bila kupingana. Watano waliondolewa: Ludlam, Waters, Roberts, Nash na Joyce. Wawili walisalimika: Canavan, kwa kuwa haikuthibitika mbele ya mahakama kwamba alikuwa raia wa Italia, na Xenophon, kwa kuwa aina ya uraia wa ng'ambo aliyokuwa nayo haikumpa hata haki ya kuingia na kuishi Uingereza, na kwa hiyo haikuwa uraia kwa maana ya kifungu kile. Kuhusu utetezi wa kutojua, mahakama ilisema hausaidii. Katiba haiulizi mtu alijua nini. Yauliza alikuwa nani siku aliyochukua fomu ya kugombea.

Nakiri kwamba hoja ya majaji ina uzito. Kama kutojua kungekuwa kinga, mahakama ingelazimika kupima yaliyomo moyoni mwa kila mbunge: alijua lini, alijua kiasi gani, alifumba macho au alikuwa amelala kweli? Anayechunguza angeadhibiwa kwa kuchunguza kwake, na asiyejali angelipwa kwa uzembe wake. Karatasi, kwa ubaridi wake wote, haina upendeleo. Na sheria ni msumeno: siku ile ilimkata Naibu Waziri Mkuu kwa meno yale yale yaliyomkata seneta wa chama kidogo, wakati serikali ilikuwa na viti 76 tu katika Baraza lenye viti 150. Serikali haikuipuuza hukumu, wala haikubadili sheria usiku. Joyce aliukana uraia wa New Zealand, akarudi kwa wapigakura wake tarehe 2 Desemba 2017, akachaguliwa tena. Ukitazama jinsi mambo yanavyokwenda penginepo, hilo si jambo dogo.

Lakini hoja yenye uzito inaweza kuwa imesimama juu ya msingi mbaya. Ubaya wa msingi huu uko hapa: nani ni raia wa Uingereza huamuliwa na Bunge la Uingereza, nani ni raia wa New Zealand huamuliwa na Bunge la New Zealand. Kwa hiyo Katiba ya Australia, katika juhudi yake ya kuzuia mkono wa mgeni usiingie Bungeni, imeuweka ufunguo wa Bunge hilo mikononi mwa wageni wale wale. Bunge la nchi yoyote likipitisha kesho sheria ya kuwapa uraia wajukuu wote wa watu waliozaliwa kwake, wabunge wa Australia watakuwa hatarini bila kunyanyua kidole. Mahakama yenyewe iliona hatari hiyo, ikakubali mlango mmoja mwembamba: kwamba sheria ya kigeni isiyomwezesha mtu kabisa kuukana uraia wake haiwezi kumzuia milele, mradi mtu huyo amefanya yote yaliyo ndani ya uwezo wake.

Jinsi mlango huo ulivyo mwembamba ilionekana tarehe 9 Mei 2018, katika kesi ya seneta Katy Gallagher. Yeye alizaliwa Canberra. Alipotambua kuwa ana uraia wa Uingereza kupitia baba yake, aliomba kuukana mwezi wa Aprili 2016, kabla ya uchaguzi mkuu wa tarehe 2 Julai. Ofisi ya Uingereza haikukamilisha kazi hiyo hadi Agosti. Mahakama ilisema siku ya kuchukua fomu alikuwa bado raia wa Uingereza, na kwa kuwa sheria ya huko iliruhusu kuukana, kuchelewa kwa ofisi hakukuwa kinga. Akaondoka. Tazama, msomaji: jalada lilikuwa juu ya meza ya karani katika nchi nyingine, na meza hiyo ndiyo iliyoamua nani awasemee watu wa Canberra.

Kabla ya hapo, mwezi wa Februari 2018, mbunge mwingine, Susan Lamb, alikuwa amesimama Bungeni kueleza shida yake. Baba yake marehemu alikuwa Mskoti. Aliomba kuukana uraia wa Uingereza, nao wakataka cheti cha ndoa ya wazazi wake. Cheti hicho hakuwa nacho, na mtu ambaye angeweza kukitoa alikuwa mama yake. Ndipo akaeleza jinsi mama huyo alivyompeleka shuleni siku moja akiwa mtoto mdogo, asirudi tena kumchukua. Mimi nimekuwa mwalimu kwa muda mrefu, na najua sura ya mtoto anayebaki uwanjani saa kumi na moja jioni wakati wenzake wote wamekwisha chukuliwa. Kwamba mtoto yule akikua na kuwa mbunge atatakiwa aonyeshe karatasi za mzazi aliyemwacha, ili athibitishe kwamba anaipenda nchi iliyomlea, hilo si jambo ambalo waandishi wa 1901 walikusudia.

Baada ya hukumu ya Gallagher, Lamb na wabunge wenzake watatu, Justine Keay, Josh Wilson na Rebekha Sharkie, walijiuzulu. Tarehe 28 Julai 2018 ulifanyika uchaguzi mdogo katika majimbo yao, wote wakiwa wamekwisha safisha karatasi zao. Wote wanne walirudishwa na wananchi wao. Wapigakura walikuwa wakisema kwa njia yao: huyu tunamjua.

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya mbali. Barani kwetu swali la mahali alipozaliwa baba limeulizwa pia, na mara nyingine nia haikuwa safi kama ile ya majaji wa Canberra. Kenneth Kaunda alizaliwa Lubwa, karibu na Chinsali, mwaka 1924, akaiongoza Zambia tangu uhuru wa 1964 hadi 1991. Mwaka 1996, alipotaka kugombea tena, katiba ya nchi ilibadilishwa ili mgombea wa urais lazima awe na wazazi wote wawili walio Wazambia. Wazazi wa Kaunda walitoka Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi. Mwaka 1999 mahakama ilifikia hatua ya kutamka kwamba mtu yule aliyeshika bendera ya uhuru si raia wa Zambia. Baadaye uraia wake ulirudishwa. Baba yake, David Kaunda, alikuwa mwalimu na mhubiri aliyevuka mpaka kwenda kufundisha. Kwa hiyo kilichohesabiwa dhidi ya mwana ni kwamba baba alikwenda kuwafundisha watu kusoma katika kijiji ambacho wakati huo hakikuwa nchi ya mtu mwingine, kwa kuwa Waingereza ndio waliotawala pande zote mbili.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa. Kifungu cha Australia kiliandikwa kabla ya mtu yeyote aliyeangushwa nacho kuzaliwa. Sharti la Zambia liliandikwa mtu akiwa amesimama mbele ya mwandishi. La kwanza ni sheria iliyozeeka. La pili ni mtego. Lakini vyote viwili vinauliza swali lile lile, na vyote viwili vinampima mtu kwa jambo ambalo hakulitenda.

Nilifanya kazi ya ukufunzi na uongozi wa chuo cha ualimu katika mkoa wa mpakani, magharibi mwa Tanzania. Kila mwaka fomu za wanachuo wapya zilifika mezani kwangu. Katika mikoa ile, mipaka ilichorwa na Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji kwa rula na wino, nayo ikapita katikati ya mashamba ya ndizi na katikati ya koo. Mwanachuo alizaliwa upande huu, bibi yake amezikwa upande ule. Shangazi ameolewa ng'ambo ya mto. Jina la ukoo linaitika pande zote mbili. Vijana wale walikwenda kufundisha Rukwa, Lindi, Singida na Pemba. Walifundisha Kiswahili, hesabu na wimbo wa taifa. Sikuwahi kuona kwamba aliyekuwa na babu ng'ambo ya mto alifundisha wimbo wa taifa kwa sauti ndogo kuliko mwenzake. Aliyekuwa mvivu alikuwa mvivu kwa tabia yake, na aliyekuwa mwaminifu alikuwa mwaminifu kwa tabia yake. Fomu haikunisaidia kuwatambua.

Sisi Tanzania tumechagua njia ya uraia mmoja: Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na mbunge lazima awe raia. Wako wanaotaka ibadilishwe na wako wanaotaka ibaki, na kila upande una watu wenye akili. Majirani zetu wa Kenya walichukua njia nyingine katika Katiba yao ya 2010. Waliruhusu raia wa kawaida awe na uraia wa nchi mbili, lakini katika Ibara ya 78 wakamkataza ofisa wa dola, na mbunge akiwamo, kuwa nao. Kisha wakaongeza maneno machache ambayo Waaustralia hawakuwa nayo: kwamba katazo hilo halimgusi mtu aliyefanywa raia wa nchi nyingine kwa sheria ya nchi hiyo bila yeye kuwa na uwezo wa kukataa.

Maneno hayo machache yana busara, ingawa hayatibu kila kidonda. Barnaby Joyce yasingemwokoa, kwa kuwa sheria ya New Zealand ilimruhusu kuukana uraia wake, naye akaukana. Lakini angalau yanaanza kutenganisha mambo mawili ambayo kifungu cha 44 kiliyafunga katika kamba moja. Kuna uraia ambao mtu ameutafuta: amejaza fomu, amelipa ada, ameinua mkono na kula kiapo, ameshika pasipoti na kuitumia. Na kuna uraia ambao mtu amewekewa kitandani alipozaliwa, na sheria ya nchi ambayo pengine hajaiona. Wa kwanza ni tendo. Anayetaka kutunga sheria za nchi ana wajibu wa kulijibu tendo hilo, na si uonevu kumwambia achague kabla ya kuomba kura. Wa pili si tendo. Mtu aulizwe, aambiwe aukane kama kuna njia, apewe muda. Lakini asiangushwe kwao baada ya wananchi kumchagua, kana kwamba amedanganya.

Nchini Australia kamati ya Bunge ilipendekeza, mwezi wa Mei 2018, kwamba wananchi waulizwe kwa kura ya maoni kama kifungu hicho kibadilishwe. Serikali haikuifuata njia hiyo, na mtu anaweza kuelewa kwa nini: kati ya mapendekezo 45 ya kubadili Katiba yaliyopigiwa kura tangu 1901 hadi 2023, ni 8 tu yaliyopita, kwa kuwa lazima yapate wingi wa kura za nchi nzima na pia wingi katika majimbo manne kati ya sita. Badala yake, tangu mwaka 2019 kila mgombea hutakiwa kujaza orodha ya maswali juu ya mahali alipozaliwa yeye, wazazi wake, na babu na bibi zake, na kueleza alivyoukana uraia mwingine kama alikuwa nao. Ni tiba ndogo, lakini ina sifa moja njema: swali linaulizwa mapema, mlangoni, na kwa kila mtu.

Hilo ndilo ningependa vijana wetu walishike pale watakapokuja kuandika au kurekebisha sheria zetu juu ya jambo hili, maana siku hiyo itafika. Wana wetu wako Muscat, London, Toronto na Minneapolis. Wanazaa huko, na nchi hizo zina sheria zake. Wajukuu watakaorudi watakuwa na karatasi ambazo hawakuziomba. Mmoja wao siku moja atataka kuwasemea watu wa kijiji cha bibi yake. Tumuulize amefanya nini kwa ajili ya kijiji hicho, na tumuulize ni kiapo gani alichokula kwa hiari yake akiwa mtu mzima. Hayo ni maswali halali, na ajibu mbele ya watu. Swali la baba yake alizaliwa wapi tuliache katika daftari la mahudhurio, linakofaa.